Mchongoko wa 1941

Kondakta anakaribia miaka themanini, na kofia yake imelala upande kidogo. Behewa limefika mwisho wa njia, katikati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na sasa lazima lirudi lilikotoka. Hapa hakuna kugeuza treni. Mzee anashuka, anazunguka hadi nyuma, anafungua kamba. Juu ya paa kuna fimbo mbili ndefu, moja kila upande. Ile inayofuata nyuma ndiyo huegemea waya na kuteremsha umeme hadi kwenye mota zilizo chini ya sakafu. Mwelekeo ukibadilika, fimbo nazo hupokezana zamu. Mzee anaiachia kamba kidogo kidogo, shingo kaiinua, macho kwenye waya, kama mtu anayeangua embe la juu kabisa kwa upembo. Mara ya kwanza ncha inakosa. Mara ya pili inakaa, cheche ya buluu inaruka, naye anatikisa kichwa kama aliyeitikiwa salamu. Kisha anakwenda upande wa pili, anaivuta chini ile nyingine na kuifunga kwenye ndoano yake.

Ndani, abiria tunageuza migongo ya viti ili tutazame tunakokwenda.

"Mjomba," mpwa wangu ananinong'oneza, "huyu mzee mkono ukimteleza tunalala kwenye mahindi."

Mpwa wangu ni dereva wa lori refu. Anaishi Skokie, kitongoji cha kaskazini mwa Chicago, na Jumamosi hii ya Oktoba kajitolea kunileta hadi kijiji cha Union, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari, kwa sababu nilimwambia nimekuja kuzuru reli iliyokufa. Mwanzoni alidhani natania. Watu hutoka Dar es Salaam kuja kuona maghorofa ya Chicago; kuja kuangalia mabehewa mabovu ni jambo la kumtilia mtu mashaka, hasa mtu mzima unayemwamkia.

Behewa tulilopanda si bovu hata kidogo. Ni namba 714, la chuma, lililotengenezwa Cincinnati mwaka 1926, na kwa miaka thelathini na saba lilibeba watu kati ya Chicago na Milwaukee. Sasa ni mali ya Illinois Railway Museum, makumbusho yaliyoanza mwaka 1953 pale watu kumi walipochanga dola 100 kila mmoja ili kununua behewa moja la umeme kutoka Indiana, lisiende kukatwakatwa. Walilihifadhi kwenye ua wa kiwanda huko North Chicago, kando kabisa ya reli ambayo wakati huo ilikuwa bado inanguruma. Miaka kumi na moja baadaye walihamia Union, wakatandika mataruma juu ya tuta la reli nyingine ya umeme, ya Elgin na Belvidere, iliyofunguliwa 1907 na kufungwa 1930. Kwa hiyo hata hii njia tunayorudia ni kaburi lililofukuliwa.

Tulipokwisha kushuka ndipo mpwa wangu alipoiona ile tuliyoifuata. Alisimama ghafla.

"Mjomba! Si Mchongoko huu?"

Yeye aliondoka nyumbani kabla reli ya kisasa haijaanza kazi, lakini treni zile za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024 amezitazama mara nyingi kwenye simu, na jina la ile yenye pua ndefu, Mchongoko, analijua kama kila Mtanzania. Iliyokuwa mbele yetu ilikuwa na pua ya namna hiyo, imelala nyuma kama paji la uso la nyangumi, rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, na michirizi ya rangi ya samoni ubavuni. Kibao kilisema 801. Ilitoka kiwandani St. Louis mwaka 1941.

Hiyo ndiyo Electroliner, na ili kuelewa kwa nini mtu aipande ndege kwa ajili yake, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani walikuwa na reli za mvuke kila upande, lakini reli hizo hazikumjali mtu wa kijijini. Garimoshi lilipita mara mbili tatu kwa siku, likasimama penye stesheni tu, na nauli haikuwa ya mchezo. Mji nao ulikuwa na tramu za umeme zilizoishia pale nyumba zilipoishia. Kisha mtu mmoja wa Indiana, Charles L. Henry, aliyewahi kuketi katika Bunge la Marekani, akachukua wazo la kurefusha tramu: itoke mjini, ikimbie kando ya mashamba, iingie mji wa pili. Jina alilolipa lilikuwa la Kilatini kidogo, lenye maana ya baina ya miji, nasi tuseme interabani. Ndani ya mji ilitembea katikati ya barabara pamoja na mikokoteni. Ikitoka nje ya mji, dereva anafungua moto. Mkulima anaweza kusimama penye njia panda, akapunga mkono na kupandishwa pamoja na makopo yake ya maziwa.

Yaliyofuata yalikuwa wazimu wa kibiashara. Kila mji mdogo ulitaka interabani yake, kila tajiri wa wilaya alinunua hisa. Kufikia mwaka 1916 zilikuwa zimetandazwa karibu kilomita 25,000, nyingi zaidi katika majimbo ya Ohio na Indiana. Lakini Henry Ford alikuwa amekwisha kuanza kuuza gari lake la T tangu 1908, na reli nyingi kati ya hizo hazikuwahi kumrudishia mwenye hisa pesa yake. Zilizaliwa, zikakua na kufa ndani ya umri wa mtu mmoja.

Wazimu huo ulifika hata kwetu, kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilijenga Unguja reli nyembamba ya kama kilomita 11 kutoka Mji Mkongwe hadi Bububu. Ilikuwa ya mvuke, si ya umeme, na ilipita karibu sana na milango ya watu. Nayo haikuvuka miaka ya 1920.

Reli niliyokuja kuitafuta ilikuwa na bahati kubwa zaidi, au angalau ilichelewa kuishiwa nayo. Jina lake kamili ni Chicago North Shore and Milwaukee, lakini wasafiri waliiita North Shore tu, kwa kuwa ilifuata ufuo wa magharibi wa Ziwa Michigan. Mwanzo wake ulikuwa tramu ya mji wa Waukegan katika miaka ya 1890. Ikashuka kusini kijiji baada ya kijiji, na mwaka 1899 ikafika Evanston, mlangoni mwa Chicago. Kaskazini ilikokota kupitia Kenosha na Racine, ikaingia Milwaukee mwaka 1908. Mwaka huohuo ikafilisika. Gharama ya kufika Milwaukee ndiyo iliyoizamisha, na kwa miaka minane iliendeshwa chini ya mkono wa mahakama.

Aliyeiokoa aliitwa Samuel Insull.

Insull alizaliwa London mwaka 1859. Akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei alivuka bahari kuwa katibu wa Thomas Edison, na mwaka 1892 akaenda Chicago kusimamia kampuni ndogo ya umeme. Huko aligundua jambo ambalo kila mwenye jenereta hulijua kwa uchungu: mtambo unakula hela hata pale wateja wanapolala. Taa zinawashwa jioni. Mchana nani anataka umeme? Jibu la Insull lilikuwa viwanda na treni. Akatafuta kila chombo cha umeme kilichokuwa kikitembea kuzunguka Chicago: reli za juu za mjini, kisha North Shore mwaka 1916, kisha nyinginezo mbili zilizokwenda magharibi na kusini mashariki. Kwa Insull, treni ilikuwa balbu kubwa iliyowekewa magurudumu.

Lakini hakuiendesha kama mtu asiyejali. Tarehe 6 Agosti 1919 treni za North Shore zilianza kupanda juu ya reli za mjini zilizoinuliwa kwenye nguzo za chuma, zikaingia hadi katikati ya Chicago. Abiria wa Milwaukee akawa anashuka penye maduka, hana haja ya kubadilisha. Njia ya zamani ya ufuoni ilikuwa imebanwa na vijiji, inasimama kila hatua, kwa hiyo Insull akajenga nyingine upande wa bara, imenyooka kama uzi, kupitia bonde la Skokie. Ilikamilika Juni 1926. Wakati huo Skokie haikuitwa Skokie bali Niles Center. Waliojenga nyumba huko baadaye walizijenga kwa kuwa treni ilikuwepo.

Mwaka huo wa 1926 ulikuwa wa sherehe. Mjini Mundelein, ambako tawi la North Shore lilifika, Wakatoliki wa dunia nzima walifunga Kongamano lao la Ekaristi mwezi Juni, na mamia ya maelfu ya waumini walifurika katika kitongoji ambacho siku nyingine kilikuwa na ng'ombe wengi kuliko watu. Treni za umeme zilipishana kutwa nzima. Kwenye kuta za stesheni za mjini yalibandikwa mabango ya rangi yaliyochorwa na wasanii kama Oscar Rabe Hanson na Willard Frederic Elms: matuta ya mchanga, vuli, watelezaji wa theluji. Leo mabango hayo huuzwa mnadani kwa bei ambayo mchoraji mwenyewe hakuiota.

Na mwaka huohuo walianza jambo lililomfanya mpwa wangu asimame mbele ya picha moja pale makumbushoni, mikono kiunoni. Picha ilionyesha tela za malori zimepakiwa juu ya mabehewa bapa ya reli, zimefungwa minyororo. North Shore walichukua tela ya mteja kama ilivyo, wakaipandisha kwenye treni, wakaishusha Milwaukee asubuhi ikiwa haijafunguliwa mlango. Ilikuwa miongoni mwa reli za kwanza Marekani kufanya hivyo.

"Hiki ndicho tunachofanya leo," alisema. "Mimi napeleka tela uwanja wa reli, inapakiwa, inakwenda Los Angeles. Kumbe ni ya zamani hivi?" Alinyamaza kidogo, akaongeza: "Sasa mbona Chicago na Milwaukee naendesha mwenyewe usiku kucha?"

Nilimwambia tutalifikia hilo.

Himaya ya Insull ilikuwa imejengwa kampuni juu ya kampuni, deni juu ya deni. Mwaka 1932, mdororo wa uchumi ulipokwisha kuuma hadi mfupa, ilianguka yote, na maelfu ya watu wa kawaida walionunua hisa zake wakabaki na karatasi. Yeye akakimbilia Ugiriki. Mwaka 1934 alikamatwa Istanbul, akarudishwa Chicago, akashtakiwa na kuachiwa huru. Mwaka 1938 alianguka na kufa kwa ugonjwa wa moyo ndani ya stesheni ya treni ya chini ya ardhi mjini Paris. North Shore kwa mara ya pili ilikuwa mikononi mwa mahakama.

Hapo ndipo wasimamizi wa reli iliyofilisika walipoagiza treni mbili mpya. Ukiwaza kwa akili ya leo ni kichaa. Lakini walikuwa na hesabu zao: njia ilikuwa nzuri, abiria walikuwepo, kilichozeeka ni mabehewa. St. Louis Car Company ikapewa masharti ambayo hakuna treni ya kawaida ingeyaweza. Iwe nyembamba na fupi ya kutosha kukata kona kali za reli za juu za Chicago, ambako treni hujikunja kati ya maghorofa kama nyoka ndani ya gunia. Iweze kukimbia kilomita 140 kwa saa ikifika mashambani. Na ikiingia Milwaukee, iwe na adabu ya kutembea katikati ya barabara pamoja na magari na wapita njia, isimame taa zikiwa nyekundu.

Matokeo yake ndiyo hiyo 801 na pacha wake. Kila treni ina vipande vinne vilivyoungwa juu ya ekseli za pamoja, viti 146, na katikati yake baa. Kwenye baa hiyo kuta zimechorwa wanyama wa kuchekesha wakistarehe, na kwenye orodha ya vyakula kulikuwa na baga iliyoitwa Electroburger, ambayo wazee wa Milwaukee bado wanaisifu kwa namna inayonitia wasiwasi kidogo. Hakuna baga inayostahili machozi. Zilianza kazi tarehe 9 Februari 1941. Husimuliwa kwamba katika majaribio treni moja ilivuka kilomita 175 kwa saa, ikaonekana inafika kwenye vivuko vya barabara kabla vizuizi havijamaliza kushuka, na kuanzia hapo madereva wakatakiwa kujizuia. Mchongoko wetu umeundwa kwa kilomita 160. Mimi nilikuja nikidhani nitaona kitu cha kale, na nikajikuta naangalia kitu kilichokaribia kutufikia miaka themanini na mitatu kabla hatujaanza.

Kisha ilikuja vita. Kambi ya jeshi la wanamaji ya Great Lakes ilikuwa kando kabisa ya reli, na mabaharia wa likizo walijaza treni hadi milangoni. Hakuna aliyewaza kufunga chochote.

Siku ya pili niliazima baiskeli ya mpwa wangu nikaenda Winnetka kuitafuta njia ya kwanza, ile ya ufuoni. Haikunitaabisha kuipata. Imegeuzwa njia ya waendesha baiskeli na watembeao kwa miguu, Green Bay Trail, na jambo la kwanza unaloliona ni kwamba iko shimoni. Reli zote mbili, ya umeme na ya mvuke iliyokwenda sambamba nayo, zilikuwa zikipita usawa wa barabara katikati ya mji, na watu walikuwa wakigongwa. Baada ya miaka mingi ya vifo na mabishano, mwaka 1938 kazi ya kuzishusha ilianza kwa msaada wa fedha za serikali kuu. Msimamizi wa fedha hizo Washington, waziri Harold Ickes, alikuwa na nyumba yake huko huko Winnetka, na jambo hilo sidhani kama lilichelewesha maombi. Wakachimba handaki refu, wakajenga madaraja juu yake, wakamaliza 1943.

Niliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa zege nikalipima handaki hilo kwa macho. Upande mmoja treni ya abiria wa kila siku, ya kampuni nyingine, ilipita ikitetemesha majani makavu. Upande wa pili, palipokuwa pa North Shore, mama mmoja alisukuma kigari cha mtoto. Kazi yote ile ya miaka mitano, kokoto, saruji, madaraja, na treni za umeme zilikuja kuitumia kwa miaka kumi na miwili tu. Njia ya ufuoni ilifungwa Julai 1955.

Sababu yake iko kilomita chache upande wa magharibi na unaisikia kabla hujaiona. Barabara kuu ya Edens ilifunguliwa Desemba 1951. Ilijengwa kwa fedha za umma, na mwenye gari aliingia bila kukata tiketi. Sambamba nayo, North Shore ilikuwa inamiliki tuta lake, inalipa kodi ya ardhi ya tuta hilo, inatengeneza madaraja yake, inalinda vivuko ambavyo magari ndiyo yaliyovivuka, na nauli haiwezi kuipandisha bila idhini ya tume ya serikali. Mara nyingi husemwa kwamba reli hizi ziliuawa na gari, kana kwamba gari lilikuja na silaha. Kwa North Shore nadhani ni sahihi zaidi kusema kwamba mmoja wa washindani wawili alijengewa uwanja na mwingine akatozwa kiingilio. Si kwamba hakukuwa na abiria: asubuhi na jioni treni zilijaa. Lakini treni inayojaa mara mbili kwa siku na kukaa tupu katikati ni lile lile tatizo la Insull la mtambo unaokula wateja wakilala, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwuzia umeme wa mchana.

Katika miaka ya mwisho ya 1950 wenye kampuni waliomba ruhusa ya kufunga kila kitu. Ardhi na vyuma chakavu vilikuwa na thamani kubwa kwao kuliko nauli. Abiria waliunda chama, wakakodi mawakili, wakapinga mbele ya tume ya serikali kuu kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Walikuwa wameona yaliyowapata jirani zao wa magharibi, wa reli ya Chicago, Aurora na Elgin, iliyowahi nayo kuwa mali ya Insull. Tarehe 3 Julai 1957 watu walipanda treni asubuhi kwenda kazini kama kawaida. Muda mfupi baada ya saa sita mchana mahakama ikairuhusu kampuni isimame, nayo ikasimama palepale. Jioni wafanyakazi hao walifika kituoni na tiketi zao za kurudi mkononi, wakakuta hakuna treni. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya uhuru.

North Shore angalau ilipewa tarehe. Treni za mwisho zilitembea usiku wa kuamkia Jumatatu, 21 Januari 1963, katika baridi kali ya chini ya sifuri ambayo hata watu wa Chicago huikumbuka. Walijaa wapenzi wa reli, waliopiga picha hadi vidole vikafa ganzi. Kabla ya mapambazuko ikawa imekwisha, na umeme ukakatwa kwenye waya.

Electroliner zile mbili ziliuzwa Philadelphia, zikapakwa rangi mpya, zikaitwa Liberty Liner, zikafanya kazi miaka mingine zaidi ya kumi. Moja leo iko Pennsylvania, katika makumbusho ya Rockhill. Nyingine ndiyo iliyomshtua mpwa wangu. Njia ya baiskeli imefuata tuta hadi mpakani mwa Wisconsin, na vipande vingine vyake viko Kenosha na Racine. Kati ya interabani za Insull ni moja tu inayoishi, South Shore, inayotoka Chicago kwenda South Bend, Indiana. Mpaka juzi juzi, 2022, bado ilikuwa ikipita katikati ya barabara za mji wa Michigan City na magari yakiisubiri.

Na kuna kipande kimoja kingine.

Jumatatu jioni, wakati wa watu kutoka kazini, nilipanda ngazi za stesheni ya Adams na Wabash, juu ya nguzo za chuma katikati ya Chicago. Hapa ndipo abiria wa Milwaukee walipokuwa wakishukia. Treni za siku hizi ni za shirika la usafiri la mji, lakini zinapita juu ya chuma kilekile, na kwenye kona magurudumu yanalia kilio kilekile. Nilitazama ghorofa ya tatu ya jengo moja, karani mmoja anafunga kompyuta yake, karibu ningempokea mfuko. Tulielekea kaskazini hadi Howard. Pale nikabadilisha, nikaingia treni ya Mstari wa Njano, mabehewa mawili tu.

Baada ya North Shore kufa, shirika la mji lilinunua kilomita nane za njia ile ya bonde la Skokie, likapata fedha kidogo za majaribio kutoka serikali kuu, na tarehe 20 Aprili 1964 likaanza treni ya kwenda na kurudi kati ya Howard na Dempster bila kusimama katikati. Ilikuwa jaribio la miaka miwili. Siku ya kwanza walipanda karibu watu 4,000, zaidi ya maradufu ya waliotarajiwa. Jaribio halijaisha mpaka leo. Kituo cha katikati kiliongezwa mwaka 2012, huko Oakton, na waya wa juu uliondolewa 2004. Sasa umeme unatoka kwenye reli ya tatu iliyolala chini pembeni.

Mbele yangu alikaa msichana aliyevaa sare ya hospitali, kalala, kichwa dirishani. Mzee mmoja alikuwa akisoma gazeti la Kirusi. Treni ilikimbia vizuri, imenyooka, kama Insull alivyotaka inyooke. Kwa dakika nane hivi nilikuwa abiria wa North Shore.

Dempster ni mwisho. Jengo la zamani la stesheni, la mwaka 1925, lililobuniwa na Arthur Gerber, bado lipo, la matofali, limehifadhiwa kwa sheria, ingawa abiria hawalitumii tena. Nilibaki kwenye jukwaa kuona treni inavyorudi. Dereva alitoka kwenye chumba chake, akafunga mlango, akapita katikati ya viti na begi begani hadi upande wa pili, akaingia chumba kingine. Hakuna kamba, hakuna fimbo, hakuna aliyeangalia juu. Taa nyekundu zikawa nyeupe.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa sauti ya mpwa wangu, aliyekuwa ameondoka na tela yake ya jioni kwenda Milwaukee.

"Shikamoo mjomba. Ufunguo nimeuacha kwa jirani. Chakula kiko jikoni, usinisubiri. Niko hapa Edens, foleni, hatusogei."

Nilimwitikia marahaba, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani kwake, mitaa sita.